Barua ya wazi kwa mnaopanga jiji la Dar es Salaam: watu, kazi na mto mmeviweka kwenye mafaili matatu

Kwenu Waheshimiwa mnaopanga na kusimamia jiji hili, kuanzia ofisi ya mtaa na kata, halmashauri, mkoa, mpaka wizara zenye dhamana ya ardhi, mazingira na serikali za mitaa.

YAH: KUZIBWA KWA BONDE LETU, ALAMA ZA X KWENYE NYUMBA ZETU, NA BARUA TATU AMBAZO HAZIJAJIBIWA

Waheshimiwa,

Salamu nyingi, na kwa walionizidi umri shikamooni. Mimi ni mwalimu wa jiografia sekondari, baba wa watoto watatu, naishi bondeni. Mtaa sitautaja na ofisi pia sitaitaja, maana nia yangu sio kumharibia mtu kazi, na haya ninayoyasema ukienda mtaa wowote wa pembeni ya mto hapa Dar utayakuta. Barua ya kwanza nimeandika 2019, ya pili 2022, ya tatu baada ya masika ya 2024, zote zina mhuri wa kupokelewa na nakala ninazo kwenye bahasha, na zote nimejibiwa kwa mdomo tu, mwalimu suala lako linafanyiwa kazi, mwalimu afisa anayehusika yupo semina, mwalimu andika tena ile ya zamani hatuioni kwenye faili. Ndo maana leo naandika hadharani, kwa heshima yangu yote kwenu, ila nimechoka kwa kweli.

Naomba kwanza niwaeleze tulivyofika bondeni, maana bila hilo mengine hayataeleweka.

Baba yangu alikuwa mkata mkonge kwenye shamba moja upande wa Korogwe. Mwaka 1964 nchi hii ilikuwa inatoa zaidi ya tani laki mbili za mkonge, tulikuwa tunaongoza duniani, halafu zikaja kamba za nailoni na plastiki, bei ikaporomoka, shamba moja baada ya jingine likafa. Mwaka 1976 akashuka Dar na sanduku la bati na blanketi, akapata kibarua cha kupakua mizigo bandarini, akapanga chumba Buguruni. Miaka ya themanini akanunua kiwanja kwa mzee aliyekuwa akilima mpunga pale bondeni, karatasi ya mauziano imeandikwa kwa mkono, imesainiwa na mjumbe wa nyumba kumi na mashahidi wawili, mpaka leo ipo. Mto hakuwa na habari nao. Alichotaka ni sehemu anayoweza kuamka saa kumi alfajiri akapanda baiskeli akafika getini kabla majina hayajaitwa, maana kibarua ukichelewa jina lako limepewa mwingine.

Hiyo ndo jiografia ninayofundisha. Bei ya kamba inashuka huko ng'ambo, mtu anahama Korogwe, nyumba inajengwa kwenye shamba la mpunga Dar es Salaam. Uchumi umemtoa, kazi imempokea, na ardhi aliyoimudu ni ile yenye maji. Sasa ninyi mkija mnaiona nyumba tu ipo pembeni ya mto mnaipiga X nyekundu, hiyo safari yote nyuma yake hamuioni.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Mnatuita wavamizi.

Kwenye kila mkutano neno ni hilohilo, wavamizi wa mabonde. Hivi jiji hili lilijengwaje? Sultan Majid wa Zanzibar alianza kujenga hapa miaka ya 1860 jirani na kijiji cha Mzizima kwa sababu ya bandari, ghuba ina kina na imejificha, meli inatulia. Wajerumani nao mwaka 1891 wakahamisha makao makuu kutoka Bagamoyo kuja hapa, Bagamoyo ufukwe wake ni wa maji mafupi meli kubwa haisogei. Wakaanza reli 1905, ikafika Kigoma 1914. Yaani kina cha maji tu kimeamua mji gani ukue na upi ulale, na mpaka leo mzigo wa Zambia, Kongo, Rwanda, Burundi unapita hapahapa.

Walipokuja Waingereza wakaendeleza kugawa mji kwa rangi ya mtu, Uzunguni kule Oysterbay kwenye upepo wa bahari na ardhi ya juu, Uhindini katikati kwenye maduka, Mwafrika Kariakoo, na Mnazi Mmoja ikaachwa wazi iwatenganishe. Jina lenyewe la Kariakoo limetokana na kambi ya wapagazi wa vita ya kwanza. Nyuma ya Kariakoo kuna nini? Jangwani, bonde la Msimbazi. Kwa hiyo mtu mweusi alivyozidi kuja mjini, nafasi iliyobaki karibu na kazi ilikuwa ni kushuka bondeni au kuvuka bonde aende Magomeni. Baada ya uhuru rangi iliondoka kwenye sheria, ila bei ya ardhi ikashika palepale, mwenye pesa anapanda juu na asiye nazo anashuka.

Na viwanda navyo viliita watu. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilipoanza 1968 Manzese na Mabibo zikajaa. Barabara ya Pugu na Chang'ombe zilipopata viwanda, Vingunguti na Kiwalani zikajaa. Nyumba za wafanyakazi wengi wao nani alizijenga? Walijijengea wenyewe, kwa tofali moja moja, na serikali ikafurahi kiwanda kina watu wa kukiendesha. Zaidi ya nusu ya jiji hili limejengwa hivyo, bila ramani ya mpimaji. Basi kama sisi wavamizi Dar es Salaam nzima ni ya wavamizi.

2. Bonde moja, sheria mbili.

Hili ndo linaloniuma kuliko yote naomba mlisome taratibu.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Nyumba zetu zimepigwa X kwa kifungu hicho, nyumba yangu ilipimwa ikaonekana iko ndani, sawa, sikubishana na yule kijana wa futi, alikuwa anafanya kazi yake. Lakini juu yetu kidogo, kama mwendo wa dakika tano kwa miguu, kulikuwa na eneo la wazi limeota matete, watoto wanacheza mpira kiangazi na masika linakuwa ziwa. Lile ziwa ndo lilikuwa linatuokoa. Maji yakishuka kwa nguvu yanaingia pale yanatanuka, yanapumzika, yanashuka kwetu yamepoa.

Mwaka 2020 yakaanza kuja malori ya kifusi. Usiku na mchana, wiki kama saba hivi. Wakajaza pale mpaka usawa wa barabara, wakamwaga moram, wakashindilia, wakajenga ukuta wa tofali za saruji upande wa mto kabisa, leo ni yadi ya kulaza malori makubwa. Nilikwenda kusimama pale ukutani na futi ya fundi wa mtaani, kutoka ukuta mpaka maji ni mita kumi na moja. Kumi na moja! X haipo. Niliuliza ofisini nikaambiwa yule ana kibali. Nikauliza kibali cha kujenga mita kumi na moja kinatolewa na kifungu gani, nikaambiwa mwalimu hayo sio ya kwako.

Ni ya kwangu. Nina mwimo wa mlango wa sebuleni ambao tangu baba yupo hai tunapiga mstari wa penseli maji yakiingia, tunaandika na mwaka. Mstari wa Desemba 2011, mvua ile iliyotangazwa kuwa kubwa kuliko zote tangu uhuru, iliyoua watu zaidi ya 40 hapa jijini, uko usawa wa kitasa. Wa 2014 uko chini yake, 2018 chini yake kidogo. Mstari wa 2024 uko juu ya ule wa 2011 kwa upana wa kiganja, unagusa swichi ya taa, na mvua ya siku ile haikuwa hata nusu ya ile ya 2011 niliiona kwa macho yangu. Mvua imepungua, maji yameongezeka ndani ya nyumba. Katikati ya hiyo mistari kilichobadilika ni nini kama sio lile ziwa kuwa yadi? Ukuta ule umegeuza mto, maji yanaugonga yanarudi upande wetu, na ukingo wa kwetu umeshaliwa kiasi kwamba choo cha jirani kiliondoka kizima na mbao zake.

Usiku ule tulipandisha watoto juu ya kabati. Madaftari yao tunayatundika kwenye kenchi ndani ya mfuko wa salfeti kila ikifika Machi, huo ni utaratibu wa nyumba zote za mtaa wetu. Friji la jirani linakaa juu ya tofali nne mwaka mzima.

3. Maji yanatoka juu, ninyi mnatazama chini tu.

Mto wetu, kama Msimbazi, kama Kizinga, unaanzia kule vilimani upande wa Pugu na Kisarawe. Kuna siku huku jua linawaka nguo zimeanikwa na maji yanakuja mekundu, ndo tunajua kumenyesha juu.

Sasa angalieni sensa, hizi ni namba zenu wenyewe. Dar es Salaam mwaka 2012 ilikuwa na watu 4,364,541, mwaka 2022 wakawa 5,383,728. Wameongezeka kama milioni moja. Mkoa wa Pwani unaotuzunguka ulikuwa na watu 1,098,668, ukafika 2,024,947. Nao umeongeza zaidi ya laki tisa, na ulianza ukiwa robo yetu! Kasi ya Dar kukua imeshuka, ilikuwa asilimia 5.6 kwa mwaka kati ya 2002 na 2012, ikawa 2.1 kati ya 2012 na 2022. Watu hawajaacha kuja, wanatua pembeni, Kibaha, Mkuranga, Kisarawe, Bagamoyo, na hata ndani ya mkoa wanakwenda Chanika, Goba, Kinyerezi, Mbagala ya ndani huko, kule ambako kiwanja bado mtu wa mshahara mdogo anakigusa.

Na kila aliyekwenda kule amefyeka mikorosho na vichaka, ameweka bati na sementi uwanjani. Mvua iliyokuwa inanywewa na udongo siku tatu sasa inateremka ndani ya saa mbili. Simlaumu mtu wa Kinyerezi, kafuata kiwanja kama baba yangu alivyofuata. Nawalaumu ninyi mnaopima viwanja vya juu bila kuuliza maji yake yatapita wapi. Anayepanga kule hajui aliyeko huku, nadhani hata mafaili yenu hayajawahi kulala meza moja.

Wanafunzi wangu wa kidato cha pili niliwapa kazi, kila mtu achore ramani ya njia yake ya kuja shule siku ya mvua. Binti mmoja akachora mto mnene kuliko barabara ya lami, nikamuuliza mbona vipimo umekosea, akasema mwalimu siku ya mvua ndo ulivyo. Sikumpunguzia maksi. Wengine wakachora mahali pa kusubiri maji yapungue, wakaweka alama ya mti. Watoto wa miaka kumi na nne wanajua hili bonde linavyofanya kazi na hakuna afisa mipango aliyewahi kuja kuwauliza.

4. Kutuhamisha bila kuhamisha kazi.

Jirani yangu ni mama lishe. Anaamka saa tisa usiku anakwenda sokoni kwa miguu na mwenzake, anarudi na nyanya, viazi na samaki, saa kumi na mbili asubuhi sufuria ya supu iko jikoni na chapati zinageuzwa, wateja wake ni makuli, madereva na mafundi wa gereji. Ikifika saa nane mchana kamaliza. Ada ya watoto wanne inatoka kwenye hilo sufuria.

Baada ya mafuriko ya 2011 serikali iliwapeleka wahanga Mabwepande, zaidi ya kilomita 30 kutoka katikati ya mji. Viwanja walipewa, nawapongeza kwa hilo na sitanii. Lakini wengi walikuwa watu wa kama huyu mama. Ukimpeleka kule, saa tisa usiku anapanda nini? Nauli ya kwenda na kurudi na mzigo anaitoa wapi? Na hao makuli wake watamfuata Mabwepande kunywa supu? Matokeo yake mnayajua, wengine waliuza viwanja wakarudi kupanga bondeni, wengine baba akabaki mjini analala kazini na mama akabaki na watoto kule. Mkasema watu hawa hawana shukrani.

Na hii sio mara ya kwanza. Mwaka 1983 ilikuja Nguvu Kazi, watu wasio na vitambulisho vya kazi walikamatwa mitaani wakapakiwa kupelekwa mashambani, baba alikuwa anatembea na kikaratasi cha bandarini mfukoni hata akienda msalani. Wengi walioondolewa walirudi, maana kule walikorudishwa kilichowaondoa kilikuwa bado kipo, bei mbovu ya mazao na shamba lisilotosha. Miaka arobaini imepita na bado tunahamisha miili ya watu tu.

Tanzania yenyewe ukiifungua kwenye ramani utaona watu wamekaa wapi, wamejaa kandokando ya Ziwa Victoria, miteremko ya Kilimanjaro, nyanda za juu kusini, pwani, na katikati pamekuwa na watu wachache muda mrefu kwa sababu ya ukame na mbung'o. Hakuna aliyewaamuru wakae hivyo. Udongo, mvua, soko, ugonjwa, ndo vimewapanga. Hata Dodoma, uamuzi wa makao makuu ulitolewa 1973 lakini mji ulianza kujaa kweli serikali ilipohamia kwa vitendo kuanzia 2016, ajira zilipokwenda na watu wakaenda. Mnalijua hili kwa Dodoma, kwa sisi wa bondeni mnalisahau.

5. Taka na mchanga.

Hili nitalisema kwa kifupi maana limeshasemwa sana. Gari la taka halishuki kwetu, barabara ni mbaya, ila pesa ya taka inakusanywa kila mwezi na risiti tunapewa. Kwa hiyo vijana wa mkokoteni wanamwaga kwenye mto na kalavati la barabara kubwa limeziba mpaka juu. Na wachimba mchanga wanachimba usiku, kirikuu zinapanga foleni, kila ndoo inayotoka ndani ya mto ni ukingo wa mtu unadondoka. Ni vijana wetu wenyewe, hawana kazi, na wanajenga nyumba za huko juu kwa mchanga wa chini ya nyumba za mama zao. Naona aibu kuandika hivyo lakini ndo ukweli.

6. Ramani mmeificha.

Tangu 2015 wanafunzi wa vyuo na wakazi walizunguka mitaani kwenye mradi wa Ramani Huria wakichora nyumba, mitaro na sehemu zinazojaa maji, na mimi nilitembea nao siku mbili nikawaonyesha mistari ya mlango wangu. Kwa hiyo taarifa zipo. Ila ukienda ofisini kuomba kuona mpango wa matumizi ya ardhi wa mtaa wako mwenyewe unaambiwa lete barua. Ukileta barua, rudini kule juu, barua hamuioni kwenye faili.

Sasa najua mtakachosema, acha nikijibu kabla.

Mtasema bajeti hakuna. Bajeti ya kuleta greda kuvunja huwa ipo, na ya kuzibua kalavati moja nina hakika ni ndogo kuliko hiyo.

Mtasema ni mabadiliko ya tabianchi, dunia nzima inafurika. Nayafundisha darasani, nayaamini. Lakini tabianchi haijashusha malori ya kifusi.

Mtasema watu wamekuwa wengi mno. Nimeshawaonyesha sensa. Mwaka 1967 jiji lilikuwa na watu wapatao 272,000, leo ni mara ishirini ya hapo, ni kweli ni wengi. Ila wingi wenyewe sio uliojaza matete. Msasani kuna mahali panaitwa Bonde la Mpunga, jina linasema lenyewe pale palikuwa nini, na leo pana majengo ya watu wenye uwezo na mvua ikinyesha panajaa vilevile. Mwenye uwezo naye anajenga kwenye maji, tofauti yake na sisi ni kwamba hakuna anayemwita mvamizi.

Mtasema kuna mradi mkubwa. Najua upo mradi wa bonde la Msimbazi ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2022, na kuna watu kule wamelipwa wakapisha. Nawaombea ufanikiwe kwa moyo wote, Jangwani imetesa watu vya kutosha, na hata mabasi ya mwendokasi yamewahi kulala ndani ya maji pale. Ila mtaa wetu hauko ndani ya mradi ule, nimeuliza. Na jiji lina mabonde mengi, hayawezi yote kusubiri mradi wa kutoka nje.

Ninachoomba, na naomba nijibiwe kwa maandishi, ni hivi:

(a) Mita 60 zipimwe pande zote mbili za mto, kuanzia juu mpaka chini, na matokeo yabandikwe kwenye ubao wa ofisi ya mtaa, nyumba kwa nyumba na yadi kwa yadi. Kama mimi natoka, ukuta ule nao utoke, na utoke kwanza maana ndio unaosukuma maji.

(b) Lile eneo la matete lirudishwe. Kifusi kilikuja na malori, na kitaondoka na malori.

(c) Kabla ya kumhamisha mtu yeyote, aulizwe anafanya kazi wapi na anafikaje. Orodha hiyo ndo iamue anapelekwa wapi. Yako maeneo ya serikali katikati ya mji, yapo maghala yamekufa miaka na miaka, hapo panaweza kujengwa nyumba za kupanga za ghorofa tatu nne za bei ya mama lishe. Miaka ya sabini mlipima viwanja Sinza na Kijitonyama mkaweka barabara na maji kwanza, watu wakajijengea, leo ni mitaa ya kuheshimika. Kwa hiyo uwezo huo mnao.

(d) Anayepewa kibali cha kujenga au kupima viwanja kule juu aonyeshe maji yake yanaenda wapi, na ofisi za Dar na Pwani zikae pamoja kwa hilo. Mto haujui mpaka wa mkoa.

(e) Kalavati lizibuliwe kabla ya Machi. Hili ni la wiki moja, naomba msilichanganye na mengine.

(f) Uchimbaji mchanga usimamishwe, lakini vijana wale wapewe kazi ya kuzibua na kusafisha mto kwa malipo, majina yao mwenyekiti wa mtaa anayo na mimi nusu yao nimewafundisha.

Sijaomba nibaki bondeni milele. Baba alizikwa na mstari wa 2014 kwenye mlango wake, mimi sitaki wanangu wapige mwingine. Nipeni sehemu ambayo naweza kufika shule kabla ya kengele, na mke wangu afike kwenye genge lake, nitaivunja nyumba hii mwenyewe kwa mikono yangu na tofali nzima nitampa anayezihitaji.

Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao saa tatu asubuhi nitakuja ofisini na bahasha yangu, barua zote tatu na hii ya nne. Nitakuja na mama lishe, ameomba siku hiyo afunge mapema. Tutakaa kwenye benchi la mapokezi mpaka atokee mwenye mamlaka ya kutuandikia jibu.

Wenu katika ujenzi wa jiji,

Mwalimu wa jiografia, mkazi wa bondeni
Dar es Salaam

Nakala: Mwenyekiti wa serikali ya mtaa, Diwani wa kata, na majirani wote kwenye grupu la mtaa